Pini Niliyoichomoa

Mliosoma wiki jana mnajua nilipowaachia: mke wangu kalala kwenye mkeka, nguo iliyo chini yake imelowa damu, na meli inapiga honi kuingia kwenye kimji cha mtoni ambacho hata jina lake sikuwahi kulisikia.

Anayeanza leo nitamwambia kwa ufupi. Karakana yangu ya kuchomelea iliungua. Kabla majivu hayajapoa, mama watoto akaanza kutokwa damu. Wakasema ni uvimbe kwenye kizazi, na daktari wa kupasua yuko huko mto unakoishia. Barabara ilikuwa imekatika. Watoto tukawaacha kwa dada yangu, tukapanda meli: mimi, mke wangu, na mama yake mzazi.

Ndiyo. Mama mkwe. Safari yote ile ya mtoni na mama mkwe, mkeka mmoja. Anayesema mkosi hauji peke yake anajua anachosema.

Sisi abiria wa hali ya chini hatukai kwenye meli yenyewe. Tunakaa kwenye tishari, lile bapa kubwa la chuma lisilo na injini, linalofungwa ubavuni mwa meli kwa nyaya mbili nene, mmoja mbele, mmoja nyuma. Meli ikienda, tishari linakwenda. Na huko kwenye tishari sheria ni moja: mkeka usiokaliwa hauna mwenyewe. Mkiinuka wote, mkirudi mtakuta ukoo mzima unakula juu yake.

Kwa hiyo tulipofika gatini, nilijua mama mkwe hatainuka. Lakini nilijaribu.

"Mama, twende wote zahanati."

"Na mkeka?"

"Mkeka ni nini mbele ya mgonjwa?"

"Mkeka ndipo mgonjwa atakapolala akirudi. Au utamlaza mabegani kwako?"

Jirani yetu, tuliyekuwa tukimwita Bwana Magodoro kwa sababu ya shehena aliyosafiri nayo, akaingilia. "Nenda tu, mama. Nitakulindia."

"Wewe? Fisi alinde bucha? Tangu tulipopanda unanisogezea magodoro yako. Ukikohoa tu, umeshanila mkono mmoja wa mkeka."

"Mama, mpaka ni ule pale."

"Mpaka uliouweka wewe na serikali ipi?"

Watu wakacheka. Mke wangu naye akajaribu kucheka. Nikaona midomo yake imekuwa myeupe kama chokaa, na kicheko changu kikakatika.

Aliyenisaidia kumbeba ni baharia mmoja mtu mzima, mwenye mvi, aliyekosa vidole viwili. Kazi yake melini ilikuwa kufunga na kufungua, basi kila mtu alimwita Kamba. Nilipoanza kumshukuru alinikata.

"Beba kichwa, mimi nabeba miguu. Asante zako zitakumaliza pumzi."

Tulipanda kile kilima cha udongo mwekundu, tukapita maduka ya mabati na mashine ya kusaga, mpaka zahanati. Vyumba viwili. Kitanda cha chuma, mguu mmoja umechomelewa ovyo. Hata kwenye msiba jicho la fundi halifumbi. Kamba akamlaza polepole, akamfunika miguu, akarudi kwenye kazi yake.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu.

"Wewe ndiye mume?"

"Ndiye."

"Ulikuwa unangoja nini, aishe kabisa?"

"Nilikuwa nangoja meli ifike."

"Basi imefika. Sasa nisikilize. Sina wa kumpasua, sina damu ya kumwongezea. Nina dripu na sindano ya kupunguza kutoka. Ukimwinua sasa hivi, atakufia njiani. Chupa hizi zikiisha, mapigo yake yakikaa sawa, mtie melini mara moja, usisimame popote mpaka hospitali. Umenielewa? Si sasa. Na si kesho."

"Zitaisha saa ngapi?"

"Jioni."

"Meli inaondoka mchana."

"Basi kaongee na meli."

"Nisipoondoka na hii?"

"Nyingine inapita baada ya wiki mbili. Maji yakiwepo." Alimtazama mke wangu, kisha akanitazama mimi.

Nikateremka mbio.

Nahodha alikuwa juu, kwenye chumba chake cha usukani, anakunywa chai. Si mtu mbaya. Naliandika hili kwa sababu mtataka awe mbaya, hata mimi ningependa.

"Mzee, naomba unisubiri mpaka jioni. Mke wangu ametundikiwa maji."

"Mbele kuna mafungu ya mchanga," akasema. "Yanapitika ukiyaona kwa macho. Jua likituzamia hapa, tunalala hapa. Kesho kina kitakuwa kimeshuka tena. Meli nzima itakaa hapa mpaka mvua. Unataka hivyo?"

"Mke wangu atakufa."

"Pole, ndugu yangu."

"Pole haizuii damu."

"Na mimi sizuii mto."

Chini yetu abiria walikuwa wameshasikia. Habari melini haihitaji miguu. Mmoja akapaza sauti kwamba mbuzi wake hawajala. Mwingine akasema anawahi kesi mahakamani. Bwana Magodoro akasema, "Kila mtu ana mgonjwa wake. Mimi wangu ni haya magodoro. Mvua ikiyanyeshea, ndiyo msiba wangu."

Nilimchukia mtu yule. Muda huo nilimchukia kwa moyo wote.

Nikashuka ngazi, nikapita nyuma ya meli kurudi kwenye tishari. Sehemu ile ya nyuma haikuwa na mtu. Waya wa nyuma ulikuwa pale, umekazwa, umeungwa kwenye meli kwa kiungo cha chuma chenye pini nene kama dole gumba. Pini imezuiwa na kipande cha waya mwembamba tu, isitoke yenyewe.

Nilikuwa nimeiangalia pini ile safari nzima. Mtu wa chuma akisafiri haangalii mandhari.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Nikichomoa pini, waya wa mbele bado unashika. Meli ikianza kuondoka, tishari litajitenga kidogo kwa nyuma, watu watapiga kelele, nahodha atazima injini. Halafu wakaze upya. Nilikuwa nimewaona mabaharia kwenye vituo vya nyuma wakikaza: kuvuta, kutukana, kulegeza, kuvuta tena. Kazi ile ingewafikisha jioni. Jioni tu, sikutaka zaidi.

Kwanza nilimwendea mama mkwe. Mkeka wetu ulikuwa hapo hapo nyuma.

"Mama, shuka. Nakuomba."

"Nimeshakujibu."

"Safari hii nakuomba kwa magoti."

"Magoti yako yaende kwa nahodha. Mwanangu anaendeleaje?"

"Anangoja chupa ziishe. Meli haitangoja."

Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama yule alinitazama bila neno la kunichoma.

Nikarudi pale kwenye kiungo. Nikainama kama mtu anayefunga kiatu. Waya mwembamba niliukata kwa koleo ya mfukoni. Pini niliigonga kwa kisigino cha mkono mara kadhaa, ikasogea, ikatoka. Hakuna kilichotokea. Mkondo wa maji ulikuwa unalisukuma tishari kwenye ubavu wa meli, likakaa palepale kama lililopigwa misumari.

Pini nikaiachia majini.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa ananitazama. Kisha akageuza uso, akaanza kukung'uta mkeka ambao haukuwa na vumbi.

Mchomeleaji anajua chuma. Hajui mto. Jambo nililokuwa silijui kila baharia analijua: meli ikisimama kushusha mizigo, waya wa mbele unalegezwa, unaachwa umening'inizwa tu kwenye ndoana, ili tishari lipande na kushuka mzigo unapotoka. Wanaukaza mwishoni, meli ikiwa tayari inanguruma. Kwa hiyo muda wote ule tishari lilikuwa limeshikwa na waya mmoja.

Ule niliouachia.

Nilikuwa nimeshafika kwenye maduka ya mabati honi ilipolia. Nikasimama nitazame kazi yangu.

Meli ilisukuma nyuma kidogo kujinasua gatini, waya wa mbele bado haujakazwa. Mkondo ukaingia katikati. Tishari likafunguka nyuma taratibu, kama mlango. Watu wakaanza kupiga kelele, kama nilivyotaka. Nikasema kimoyomoyo, sasa nahodha atazima.

Waya wa mbele ukachomoka kwenye ndoana. Ulipiga sitaha mlio ambao mpaka leo nikisikia bati linaanguka nainuka kitini.

Tishari likazunguka zima zima, likachukuliwa na maji. Na watu wake, na mbuzi, na mikeka. Na mama mkwe wangu kakaa katikati ya mkeka wake, kashika kingo zake kwa mikono miwili, hainuki hata kwa hilo.

Bwana Magodoro alikuwa amesimama ukingoni, anajaribu kuzuia rundo lake lisiteleze. Rundo likateleza, yeye akaenda nalo.

Magodoro yalielea. Mwenyewe hakuelea.

Mimi nilikuwa juu ya kilima na watu wa mji wanapita mbio kuteremka gatini, wananigonga mabega. Sikukimbia.

Meli ililifukuza tishari, ikalipata limekwama kwenye fungu la mchanga, mahali ambapo ukiwa kilimani unaona vichwa tu vya watu. Mitumbwi ikatoka kumtafuta aliyezama. Ilizunguka na kuzunguka. Mpaka meli inarudi na tishari lake gatini, walikuwa wameokota magodoro yote na kofia yake.

Jua lilikuwa limeinama. Nilikuwa nimeipata jioni yangu.

Nilikwenda zahanati. Nesi alikuwa mlangoni ananitafuta.

"Ulikuwa wapi? Chupa zimeisha. Mapigo yamekaa sawa."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Usishukuru bado. Damu imeanza tena, kidogo kidogo. Dripu sina nyingine. Aende sasa. Meli ipo?"

"Ipo."

"Mungu kawasaidia. Nimesikia ilipata matatizo."

Tukamweka kwenye machela, mimi na vijana wa dukani, tukateremka. Alikuwa amefumba macho, anapumua kama mtu anayenusa. Gatini kulikuwa kumejaa. Katikati ya watu alisimama askari wa mji, yeye na baiskeli yake, na nahodha mbele yake hana kofia.

"Mtu amekufa," askari alikuwa anasema. "Meli haitoki hapa mpaka nijue nani alifungua."

"Afande, nina fungu la mchanga mbele na giza linakuja. Pengine pini ilitoka yenyewe."

"Nimeonyeshwa waya wa kuizuia. Umekatwa. Waya unajikata wenyewe?"

"Nina mgonjwa mahututi hapa," nikasema.

Askari akaitazama machela. Alikuwa na huruma, nililiona hilo. "Basi anayejua aseme upesi, mgonjwa awahi. Niletee mtu mmoja, nitaachia meli hii dakika hiyo hiyo. La sivyo, nangoja wakubwa zangu kesho."

Mnaliona shimo? Nililichimba mimi, kwa mkono wangu, kuisimamisha meli. Sasa meli imesimama kweli, na ya kuiondoa ni maneno mawili tu: ni mimi. Na nikiyasema nabaki hapa, mke wangu anakwenda na bibi kizee asiyeweza kuinua hata ndoo. Nisipoyasema, anafia gatini.

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo.

Mkono ukanishika shati kwa nyuma. Nguo za aliyenishika zilikuwa zimelowa mpaka kifuani, na kucha zake ziliniingia.

"Ukibaki wewe, nani atambeba mwanangu?" mama mkwe akaninong'oneza. "Funga huo mdomo."

Kisha akanisukuma pembeni, akajitokeza mbele ya askari.

"Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Mkeka wangu upo pale, ulizeni. Nimemwona aliyefungua."

Gati zima likageuka kumtazama.

"Nani, mama?"

Akainua mkono. Mkono ukanipita, ukavuka vichwa vya watu, ukasimama kwa Kamba.

"Yule. Alikata kwa koleo. Nikadhani ni kazi yake."

Kamba alikuwa anakunja waya. Alimtazama yule bibi kama mtu aliyezabwa kofi na mama yake.

"Bibi," akasema. "Mimi? Bibi, wewe mwenyewe si ndiye..."

Hakumaliza. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya nani, sijui. Watu waliokuwa wamepelekwa na maji mchana walikuwa wanatafuta pa kuiweka hofu yao, wakapaona. Askari alimtoa chini ya miguu yao akiwa ameshavimba jicho, wakamfunga mikono, wakamkalisha kwenye nguzo ya gati.

"Miaka yote hii, Kamba," nahodha akasema. "Ulikuwa umelewa?"

Kamba alitema damu.

Ningeweza kusema. Pale, palikuwa na nafasi ya kusema. Nilishika machela nikasema, "Jamani, mtupishe."

Tukapanda. Mama mkwe alitangulia akatandika mkeka, ambao hata kwenye fungu la mchanga hakuwa ameuachia. Tukamlaza mgonjwa juu yake. Yule mama hakunitazama, nami sikumtazama. Upande wa pili, pale kwenye nafasi ya Bwana Magodoro, hapakuwa na mtu aliyesogea kuichukua.

Nahodha akashuka mwenyewe mpaka tulipo, ameshika glavu za ngozi zilizokatwa vidole viwili.

"Wewe si mtu wa chuma?"

"Ndiye."

"Sina mfungaji sasa. Kaza nyuma kwanza, halafu mbele. Uangalie hiyo pini vizuri, ni mpya."

Nikavaa glavu za mtu. Nikainama palepale nilipoinama mchana. Nikaingiza pini. Nikazungusha waya mwembamba wa kuizuia, ncha yake ikanichoma. Gatini, hatua chache tu kutoka kwangu, Kamba alikuwa anazitazama hizo glavu.

"Tayari?" nahodha akauliza.

"Tayari."

Injini ilikuwa haijawashwa. Maji tu ndiyo yalikuwa yanasikika. Nahodha akapanda ngazi, mkono wake ukaenda kwenye kamba ya honi.

Mke wangu akafumbua macho.

Alitazama mbingu, akamtazama mama yake, kisha akageuza kichwa kuelekea gatini. Akakunja uso.

"Mama," akasema. "Yule mzee wamemfunga kwa nini?"

"Nyamaza mwanangu. Usimalize nguvu."

"Kafanya nini?"

"Katoa pini, tishari likaondoka. Kaua mtu. Lala."

"Mchana?"

"Mchana. Lala nimekwambia."

"Mchana alikuwa kwangu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini siku hiyo kila sikio la tishari lilikuwa wazi. "Alikaa ananinywesha maji mpaka honi ilipolia. Mama, si wewe uliyemtuma aniletee kanga?"

Juu, kwenye chumba cha usukani, nahodha aliiachia kamba ya honi bila kuivuta, akageuka kututazama.